SOMO LA UTUNZAJI WA GARI: SOLENOIDI YA KUKATIA MAFUTA KATIKA PIKAPU YA DIZELI



Miongoni mwa hitilafu zinazozilaza pikapu za dizeli kwenye viwanja vya ofisi, ipo moja ambayo chanzo chake aghalabu ni waya mmoja tu, lakini mwisho wake huwa ni kufunguliwa pampu nzima ya nozeli. Hitilafu hiyo ni ya solenoidi ya kukatia mafuta. Somo hili limeandaliwa kwa ajili ya madereva, maofisa usafiri, wahasibu wanaopitisha malipo ya matengenezo, pamoja na wananchi wenye gari zao wenyewe. Makusudio yake si kumfanya kila msomaji awe fundi, bali ni kumwezesha kuuliza suali la haki kabla pampu haijafunguliwa na kabla fedha hazijatoka.

Mambo yanayokusudiwa kufahamika ni mawili. La kwanza, pampu isihukumiwe kabla umeme wake haujapimwa. La pili, solenoidi iliyorukwa kwa dharura isiachwe vivyo hivyo ikageuka kuwa ndiyo matengenezo.

1. Sababu ya kuwepo kifaa hiki

Injini ya petroli huwaka kwa cheche ya plagi. Ukikata umeme wa cheche, injini huzima. Injini ya dizeli haina cheche. Hewa huingia ndani ya silinda, ikabanwa kwa nguvu nyingi, na katika injini nyingi za pikapu hubakia kiasi cha sehemu moja ya ishirini ya ukubwa wake wa awali. Kwa kubanwa huko hewa hupata joto kali mno, na dizeli inaporushwa humo na nozeli huwaka yenyewe. Huo ndio msingi wa injini aliyoipatia hataza Mjerumani Rudolf Diesel mwaka 1893, na ambayo ilifanikiwa kufanya kazi mwaka 1897.

Kutokana na maelezo hayo, injini ya kale ya dizeli ikishawaka haihitaji umeme ili iendelee kuzunguka. Njia ya kawaida ya kuizima ni kuinyima mafuta. Hapo zamani dereva alivuta kitasa kilichounganishwa na pampu kwa waya wa chuma. Baadaye kazi hiyo ikakabidhiwa solenoidi inayoamriwa na ufunguo wa gari.

Solenoidi ni sumaku ya umeme. Ni waya mwembamba wa shaba uliozongwa mara nyingi kuzunguka uwazi ulio mfano wa bomba. Umeme ukipita, chuma kilichomo ndani huvutwa. Ukikatika, uvutaji nao huondoka. Elimu hii ilifunguka mwaka 1820, pale Hans Christian Ørsted wa Denmark alipoona kwamba waya wenye umeme huchezesha sindano ya dira. Miaka minne baadaye Mwingereza William Sturgeon akatengeneza sumaku ya umeme.

Ndani ya solenoidi ya pampu mna mchi mdogo wa chuma na springi. Ufunguo ukiwa umezimwa, springi huusukuma mchi ukaziba tundu la mafuta. Ufunguo ukifunguliwa, umeme huuvuta mchi, tundu likawa wazi na mafuta yakapita. Inafaa ieleweke vyema kwamba solenoidi ya namna hii ikikosa umeme hufunga. Kwa hivyo waya uliokatika, fyuzi iliyoungua na koili iliyokufa vyote huleta matokeo yale yale: injini kukosa mafuta ilhali tangi limejaa.

2. Gari zinazohusika

Somo hili linahusu gari zenye pampu ya kuzunguka ya muundo wa Bosch VE, ambayo pia ilitengenezwa Japani kwa leseni. Pampu za muundo huo zimo katika Toyota Hilux zenye injini za 2L, 3L na 5L, katika Land Cruiser zenye injini ya 1HZ, katika Mitsubishi L200 zenye injini ya 4D56 ya zamani, na katika Land Rover zenye injini ya 300Tdi. Solenoidi imefungwa nyuma ya pampu, karibu na pale yanapoanzia mabomba yaendayo kwenye nozeli. Kwa kawaida ina waya mmoja tu. Umeme wa kurudi hupitia kwenye chuma cha pampu na injini hadi upande wa hasi wa betri. Njia hiyo ndiyo mafundi huiita ethi.

Gari zenye mfumo wa komonreli, zinazoongozwa na kompyuta, hazimo katika somo hili, na wala zisijaribiwe kwa kuunganishwa waya wa nje. Kadhalika ziko pampu za muundo wa VE ambazo nazo huongozwa na kompyuta. Hizo pia waachiwe mafundi wenye vifaa vyake.

3. Dalili

Kabla ya kushika spana, dereva aulizwe namna gari ilivyozima. Jawabu lake lina thamani kuliko vipimo vingi.

Gari ikizima ghafla, kama kwamba mtu ameuzima ufunguo, bila ya kutikisika wala kupungua nguvu kwanza, sababu inayotangulia kushukiwa ni umeme wa solenoidi. Gari ikianza kukosa nguvu, ikashtukashtuka na hatimaye kuzima, hapo panashukiwa zaidi filta iliyoziba, hewa iliyoingia katika njia ya mafuta, au maji ndani ya dizeli. Stata ikizungusha kwa uvivu, tatizo ni betri au vichwa vyake, na kazi ianzie hapo.

Iko dalili nyengine ambayo kila mtu anaweza kuiona. Mtu mmoja apige stata na mwengine atazame ekzosi. Moshi mweupe au wa kijivu ukitoka, maana yake mafuta yanafika ndani ya silinda lakini hayawaki; katika hali hiyo solenoidi haina kosa, na zitazamwe plagi za joto au mbano wa injini. Pasipotoka moshi wowote, injini haipati mafuta, na hapo ndipo vipimo vinavyofuata vinapopata maana.

4. Tahadhari

Gari isimamishwe pahala tambarare, hendibreki ivutwe na gia iwe huru. Dizeli iliyomwagika ifutwe. Sigara ni marufuku, kwani betri nayo hutoa gesi inayowaka. Saa na pete za chuma zivuliwe. Nguo pana, ikiwemo kanzu na buibui, zisikaribie feni na mikanda. Anayepiga stata asifanye hivyo mpaka aliyeinama injini atamke kwamba yuko tayari.

5. Hatua za kupima

Hatua zifuatazo zifuatwe kwa mpangilio wake. Vifaa vinavyohitajika ni balbu ndogo ya gari yenye nyaya mbili, au mita ya umeme, pamoja na spana ndogo na kipande cha msasa.

Hatua ya kwanza ni kusikiliza. Msaidizi afungue ufunguo bila ya kupiga stata, kisha aufunge, na arejee mara kadhaa. Anayesikiliza aweke kidole juu ya solenoidi. Ikiwa nzima na inapata umeme, itasikika ikigonga "tak" na kidole kitahisi mshtuko mdogo.

Hatua ya pili ni kutazama betri. Mita isomwe kwenye vichwa vya betri. Betri nzima ya volti 12 iliyopumzika husoma kiasi cha volti 12 na nusu. Kwa gari zenye mfumo wa volti 24, hesabu zote ziongezwe mara mbili, na balbu ya kujaribia iwe ya volti hizo.

Hatua ya tatu ni kupima umeme kwenye solenoidi yenyewe. Waya ukiwa umeungwa mahali pake na ufunguo umefunguliwa, ncha moja ya mita iguse kichwa cha solenoidi na nyengine iguse chuma kisafi cha injini. Kipimo kisipishane sana na kile cha betri. Kikipungua kwa zaidi ya volti moja, umeme unapotea njiani kwa kutu au kwa muungano uliolegea. Inafaa kupima na waya ukiwa umeungwa, kwa sababu waya wenye kutu unaweza kuonesha volti kamili ukiwa haubebi mzigo, kisha ukashindwa pale solenoidi inapoanza kula umeme.

Hatua ya nne ni kurejea kipimo hicho wakati stata inapigwa. Ziko swichi za ufunguo zilizochakaa ambazo hutoa umeme ufunguo ukiwa wazi, lakini huukata pale ufunguo unaposogezwa kwenye stata. Gari ya namna hiyo huzungushwa hata betri ikafa, na fundi asiyepima hapa huilaumu pampu.

Baada ya hatua hizo, majawabu hugawika mafungu matatu.

(a) Umeme haufiki. Itazamwe fyuzi kwanza. Ikiwa imeungua, iwekwe yenye amperi zile zile. Ikiungua tena, uko waya uliochubuka unaogusa bodi, nao lazima utafutwe. Haijuzu kuweka kipande cha waya au karatasi ya sigara pahala pa fyuzi. Kufanya hivyo ni kuualika moto. Fyuzi ikiwa nzima, ufuatwe waya kutoka kwenye pampu hadi kwenye swichi ya ufunguo, na kila muungano ukaguliwe. Ikiwa gari iliwahi kufungwa alamu, viungo vya alamu hiyo vitazamwe mapema, kwani wafungaji wengi hukata waya huu huu.

(b) Umeme unafika lakini solenoidi haigongi. Kichwa chake kisafishwe kwa msasa na nati ikazwe kwa wastani. Ethi ya injini nayo ipimwe. Hali isipobadilika, ufunguo ufungwe, waya utolewe, na koili ipimwe kwa mita upande wa ohm. Mita ikionesha njia imekatika, koili imekufa na solenoidi ibadilishwe. Mita ikionesha njia ipo, huenda mchi umekwama. Solenoidi ifunguliwe kwa uangalifu, baada ya eneo lote kuoshwa na kukaushwa, kwani chembe moja ya mchanga ikiingia ndani ya pampu inaweza kuiharibu kabisa. Mchi na springi vishikwe visianguke. Mchi uteleze kwa wepesi, na mpira wa ncha yake usiwe umekatika.

(c) Umeme unafika, solenoidi inagonga, lakini gari haiwaki. Hapa solenoidi ina nafasi kubwa ya kuwa nzima. Zitazamwe filta, hewa katika mabomba, na pampu ya mkono iliyo juu ya filta. Kadhalika utazamwe mkanda wa taimingi, ambao katika injini za 2L, 3L, 5L na 1HZ ndio unaozungusha pampu. Ukishukiwa kuwa umekatika, stata isipigwe tena, kwa kuwa valvu zinaweza kugongana na pistoni.

Pampu ifikiriwe kufunguliwa baada ya mafungu hayo matatu kumalizika. Pampu iliyofunguliwa huhitaji kupimwa upya juu ya mashine maalumu, na gharama zake haziwezi kulinganishwa na za solenoidi, sembuse za fyuzi.

6. Injini inapokataa kuzima

Hitilafu hii huja pia kwa sura ya kinyume: ufunguo unazimwa, injini inaendelea. Kipimo chake ni chepesi. Waya wa solenoidi utolewe kwa mkono mkavu. Injini ikizima, upo umeme unaopenya kutoka sehemu nyengine, na swichi au nyaya zikaguliwe. Injini isipozima, mchi umekwama wazi au uchafu umekaa juu ya tundu lake. Gari ya namna hiyo isipelekwe safari mpaka itengenezwe.

7. Dharura na mipaka yake

Tuchukulie kwamba pikapu inayompeleka mgonjwa kutoka Konde kwenda Wete imezima njiani usiku, na kipimo kimeonesha kwamba umeme haufiki kwenye solenoidi. Katika hali hiyo inakubalika kuvuta waya wa muda kutoka upande wa chanya wa betri hadi kwenye kichwa cha solenoidi, baada ya kutoa ule wa asili. Waya huo uwe na fyuzi ndogo karibu na betri, usiguse ekzosi wala mikanda, na dereva ajue kwamba ili kuzima injini itambidi autoe.

Iwapo koili yenyewe imekufa, mafundi wengi hufungua solenoidi, wakatoa mchi na springi, kisha wakairejesha tupu. Mafuta hupita na gari huwaka. Njia hii inaweza kumfikisha mgonjwa hospitali, lakini msomaji afahamu anachokipoteza. Ufunguo hauna tena mamlaka juu ya injini. Dereva atalazimika kuizima kwa kukanyaga breki kwa nguvu, kuweka gia ya juu na kuachia klachi. Gari yenye gia za otomatiki haizimiki kwa njia hiyo. Kwa hivyo mchi wake usitolewe kabisa.

Hatari kubwa zaidi iko baadaye. Gari ikipinduka, au bomba la mafuta likipasuka na moto ukaanza, jambo la kwanza alifanyalo kila mtu ni kuzima ufunguo. Katika gari iliyotolewa mchi, kitendo hicho hakikati mafuta, na pampu huendelea kuyasukuma. Aidha, gari kama hiyo ikiegeshwa ndani ya gia kwenye kilima, kama vilivyo vilima vingi vya Pemba, kisha ikateleza, injini yenye joto inaweza kushika moto yenyewe bila ya ufunguo na bila ya dereva. Watoto wanaochezea karibu nayo hawana habari, wala dereva wa zamu inayofuata hana habari ikiwa hakuambiwa.

Kwa sababu hiyo, solenoidi iliyorukwa iandikwe siku ile ile katika kitabu cha safari za gari, na karatasi ya onyo ifungwe kwenye usukani. Gari ifike pale mgonjwa anapopelekwa, kisha iende kwa fundi, isirudi kwenye safari za kawaida. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Na maradhi ya gari nayo yana kifo chake.

8. Jenereta za dizeli

Wakaazi wa Unguja watakumbuka kukatika kwa umeme wa waya wa baharini kwa takriban mwezi mmoja mwaka 2008, na tena kwa kiasi cha miezi mitatu kutoka Disemba 2009 hadi Machi 2010, ambapo hospitali, ofisi na mahoteli ziliendeshwa kwa jenereta. Jenereta nyingi za dizeli nazo zina solenoidi ya mafuta, na vipimo vya kimsingi ni hivi hivi. Tafauti ni moja muhimu: ziko ambazo solenoidi hupewa umeme ili injini iende, na ziko ambazo hupewa umeme ili injini izime. Mpimaji asome kibao au kitabu cha mashine kabla ya kutoa hukumu, la sivyo atakiona kizima kuwa kibovu.

9. Kinga

Visiwa vyetu vimezungukwa na bahari, na upepo wenye chumvi hula vichwa vya nyaya hata vya gari isiyotembea. Unga wa kijani unaoonekana kwenye shaba ndio alama yake. Kila gari inapofanyiwa huduma ya kawaida, kichwa cha solenoidi kisafishwe, kipakwe grisi au mafuta mazito ya mgando, na kifuniko chake cha mpira kirejeshwe. Injini isioshwe kwa mpira wa maji yenye nguvu yakaelekezwa kwenye pampu. Maji yaliyo chini ya filta ya dizeli yamwagwe kwa muda uliopangwa, kwani maji hayo ndiyo yanayotia kutu kwenye mchi. Inaponunuliwa solenoidi mpya, izingatiwe nambari iliyoandikwa kwenye pampu pamoja na volti zake. Ya volti 12 ikifungwa katika gari ya volti 24 itaungua, na ya volti 24 katika gari ya volti 12 haitavuta.

10. Taarifa ya hitilafu

Maofisa usafiri wanashauriwa wasipokee ombi la kutengeneza pampu lisilokuwa na majawabu ya masuali haya matano:

(i) Gari ilizima ghafla au polepole?
(ii) Stata inapopigwa, moshi unatoka au hautoki?
(iii) Volti za betri ni ngapi, na volti za kwenye solenoidi ni ngapi ufunguo ukiwa wazi na stata ikipigwa?
(iv) Solenoidi inagonga au haigongi?
(v) Je, imewahi kurukwa kwa waya au kutolewa mchi, na nani aliyefanya hivyo?

Majawabu hayo hayazidi mistari mitano, na kuyapata hakuhitaji zaidi ya robo saa kwa dereva mwenye balbu na msaidizi mmoja. Mhasibu atakayeyaona mbele yake ataweza kupima kama fedha zinazoombwa zinalingana na maradhi, na fundi atakayeyapokea hataanza kazi gizani.

Madereva ambao gari zao hivi sasa zinazimwa kwa gia au kwa kutoa waya wanaombwa wasingoje ukaguzi. Waziripoti leo kwa wakuu wao wa usafiri, ili zipangiwe matengenezo kabla ya safari inayofuata.